Waya Ukikatika, Alamu Ilie

Saiti moja ya mlimani ilinifunza funzo ambalo sijalisahau. Mnara ule wa simu ulitegemea jenereta, na ndani ya tangi la dizeli kulikuwa na swichi ya boya niliyoifunga mwenyewe: mafuta yakipungua, swichi inajifunga (saketi inaungana), na kontrola, kifaa kinachosimamia mitambo ya saiti, inatuma alamu. Niliijaribu, ikafanya kazi, nikaondoka.

Panya wakaukata waya wa swichi ile, saketi isiweze kuungana tena. Dizeli ikapungua kimya kimya hadi ikaisha. Alamu ya jenereta kuzima ilifika, ndiyo, lakini gari la mafuta lilikuwa mwendo wa saa sita kutoka pale. Betri zikabeba mzigo hadi volti 43.2, kiwango tulichoweka cha kukata mzigo, na mnara ukazima. Vijiji vyote vya bonde lile vikalala bila simu. Mgonjwa akizidiwa usiku kama ule, ndugu zake wanampigia nani?

Tangu siku hiyo kila ingizo la dijitali, yaani sehemu ya kontrola inayosoma kama swichi imeungana au imeachana, nalifunga kinyume. Mambo yakiwa salama, saketi imefungwa. Hitilafu ikitokea, inafunguka. Kisha kwenye kontrola naweka kwamba alamu ni saketi ikiwa wazi. Hapo waya ukikatwa, skrubu ikilegea au plagi ikichomoka, alamu inakuja. Inaweza kuja bure, lakini fundi ataifuata.

Upande wa relei za kutoa alamu, yaani swichi zinazosukumwa na umeme ambazo kontrola yenyewe huziendesha, ndiko mafundi wengi wanakojikwaa. Herufi NO (mguso ulio wazi kwa kawaida) na NC (mguso uliofungwa kwa kawaida) zilizoandikwa kwenye terminali zinaeleza hali ya relei isiyo na umeme. Kontrola nyingi huweza kupangwa ili relei ishikiliwe na umeme wakati wote wa usalama na iachiwe alamu inapotokea, ili hata kontrola yenyewe ikifa, relei iachie. Ukiipanga hivyo, COM (terminali ya pamoja) na NC zitakuwa wazi mambo yakiwa sawa, na COM na NO zimegusana. Usikisie. Chukua mita, iweke kwenye mlio (hulia saketi ikiwa imeungana), pima mfumo ukiwa hai, ndipo ufunge waya.

Usipeleke umeme wa nje kwenye ingizo linalotaka mguso mkavu, yaani mguso wa swichi usioleta umeme wake. Nimeona kadi iliyoungua kwa sababu mtu aliunganisha volti 230 za gridi moja kwa moja akitaka alamu ya umeme kukatika. Weka relei katikati: koili yake ipate 230, miguso yake mikavu ndiyo iende kwenye kontrola. Vivyo hivyo, relei ndogo za kontrola si za kuendesha kontakta kubwa (swichi ya umeme mwingi) wala king'ora. Soma kiwango cha ampea kwenye kitabu chake. Na nyaya za alamu zipitishe mbali na kebo za AC.

Jaribio ndilo nisilokubali lifupishwe. Kuunganisha terminali mbili kwa kipande cha waya kunathibitisha kontrola peke yake. Inua boya na ulishushe kwa mkono. Fungua mlango. Zima breka ya gridi. Kila mara mpigie simu mwenzako wa kituo cha uangalizi, naye akusomee jina la alamu aliyoiona, wewe usimtajie kwanza. Mara mbili nimefungua mlango, nikasomewa "mafuta yamepungua".