Je, baba ana haki ya kumzuilia mtoto matibabu?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Binti yangu ana miaka 13 na ana kisukari kinachomlazimu kudungwa insulini kila siku. Baba yake ameamua sindano ziachwe, asomewe ruqya (kisomo cha Qur'ani na dua cha kuombea shifaa) na kutumia mitishamba tu, kwa hoja kwamba yeye ndiye walii (msimamizi wa mtoto kisheria) na kwamba subira ni bora kuliko dawa. Mtoto mwenyewe anaziomba sindano zake kwa machozi. Nikimpeleka hospitali bila idhini ya mume wangu, nitakuwa nimemuasi? Na kauli ya mtoto ina uzito wowote?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Dada yangu, ikiwa mtoto amekosa sindano yake, mpeleke hospitali sasa, kisha urudi kusoma yaliyobaki. Mwenye kisukari cha aina hii akinyimwa insulini, asidi huzidi katika damu yake, akaanza kutapika na kuhema, akapoteza fahamu, na anaweza kufariki ndani ya siku chache. Hutakuwa umemuasi mumeo, kwani hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, naye Allah amesema: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (Al-Baqara: 195).

Ni kweli kwamba mumeo ni walii, na kwa kawaida daktari hapaswi kumgusa mtoto bila idhini ya mzazi. Lakini uwalii ni amana iliyowekwa kwa ajili ya maslahi ya mtoto, na wanafiqhi (wanavyuoni wa sheria ya Kiislamu) wamekubaliana kwamba baba hana ruhusa hata ya kuifuja mali ya mwanawe mdogo; basi ataipata wapi ruhusa ya kuuhatarisha uhai wake? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba matibabu huwa wajibu pale ambapo kuyaacha kunapelekea kifo au kupoteza kiungo, na kwamba kukataa kwa walii hakuzingatiwi kunapomdhuru waziwazi anayemsimamia. Haki ya kutoa idhini huhamia kwa mawalii wengine, kisha kwa mamlaka ya nchi. Ama katika dharura inayotishia uhai, tiba haisubiri idhini ya yeyote.

Kuhusu subira, huenda mumeo anaitegemea hadithi ya Ibn Abbas, katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke mwenye kifafa aliyehiyarishwa na Mtume (s.a.w.) baina ya kuombewa afya na kusubiri apate Pepo, naye akachagua kusubiri. Namwomba aisome tena kwa utulivu. Mwanamke yule alikuwa mtu mzima, aliulizwa yeye mwenyewe, na akajichagulia kwa ajili ya mwili wake. Hakuna aliyesubiri kwa niaba yake.

Na mtoto naye husikilizwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji akanywa, kuliani kwake yuko kijana mdogo na kushotoni wako wazee, akamwomba kijana ruhusa ya kuwapa wazee kwanza, kijana akakataa kuiachia fungu lake, na Mtume akamkabidhi chombo mkononi. Ikiwa aliombwa idhini katika funda la kinywaji, ni vigumu kwangu kuona vipi binti wa miaka 13, anayeyajua maradhi yake, asiulizwe juu ya mwili wake. Akiwa ameshabaleghe, kauli yake ni nzito zaidi, ingawa hospitali itafuata pia umri uliowekwa na sheria ya nchi.

Mwambie mumeo kwamba ruqya haijakatazwa. Amsomee binti yake kila usiku, na sindano idungwe kwa wakati wake. Akishikilia msimamo wake, mshirikishe babu yake binti au ami yake anayeheshimika, na uwaeleze madaktari bayana kwamba baba anazuia tiba, ili wachukue hatua za kisheria za kumlinda mtoto. Wallahu aalam.