Mbona hawakuingia kanisani

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kuhusu ile picha ya dirisha niliyokutumia kutoka Croick, kwamba kama kanisa lilikuwa pale pale mbona watu waliofukuzwa waliandika kwenye vioo wakiwa nje, si wangeingia tu ndani na mvua zile? Swali lako sijaliacha toka jana.

Croick ni kijiji kidogo sana huku kaskazini mwa Uskoti, ukitoka Ardgay unafuata bonde kama kilomita 16 hivi, unakuta kanisa dogo lililojengwa 1827, makaburi, miti kidogo, basi. Mwaka 1845 watu wa bonde la jirani, Glencalvie, wakafukuzwa. Na kodi walikuwa wanalipa hawa, hawadaiwi kitu, ila wakati ule kondoo ndo walikuwa na hela, mwenye ardhi akimkodishia mfugaji mmoja mkubwa anapata faida kuliko kuwa na familia na vishamba vyao. Walishajaribu kuwatoa 1842, askari wakaja na karatasi za kuwahamisha, wanawake wakachukua makaa ya moto wakazichoma zile karatasi zikiwa mkononi mwa askari wenyewe! Hapo huwa nasoma mara mbili mbili. Lakini miaka 3 mbele nguvu ziliwaishia.

Sasa, wakahamia pale makaburini Croick, kama watu 80, wakasimamisha miti wakatandaza turubai juu, pembeni wakaziba na mablanketi na matandiko ya farasi, na humo ndani watoto zaidi ya 20 wa chini ya miaka 10, wengine wanaumwa. Kanisani hawakulala kwa sababu kwao ile ni nyumba ya Mungu, huwezi kuingiza sufuria na nepi humo hata kama unateseka vipi, ndo inavyoelezwa mpaka leo.

Vioo vya hilo dirisha ni vipande vidogo vidogo vya pembe nne vilivyosimama kama kishada cha kurusha, na maandishi yamekwaruzwa kwa nje, membamba, mpaka usogeze uso kabisa. Lugha yao ilikuwa Kigaeli ila waliandika Kiingereza. Sehemu moja wameandika kwamba watu wa Glencalvie walikuwa hapa makaburini, Mei 24, 1845. Sehemu nyingine wameandika: watu wa Glencalvie, kizazi kiovu.

Hapo nililia mwanangu. Mtu katolewa kwake, mtoto anatetemeka pembeni, hana kosa lolote, halafu anaamini dhambi zake mwenyewe ndo zimemfikisha hapo! Mimi yule mwenye ardhi simsamehei, lakini kinachoniuma zaidi ni hilo neno, kwamba walijiandika wenyewe, kwa mikono yao.

Ile picha ya pili ikuze vizuri, utaona jina la Glencalvie limetangulia, hilo la uovu limekuja nyuma yake.

Mama yako