Re: Mwenzangu wa zamu ameoa mwanamume mwenzake

Dada yangu, Bwana asifiwe. Umeuliza kama unaweza kumwomba meneja hapo Uingereza akubadilishie zamu kwa sababu mwenzako ameolewa na mwanamume mwenzake, nawe umeokoka.

Usiombe hivyo, nakusihi. Sheria ya Usawa ya 2010 inamlinda yeye, na sheria hiyohiyo inakulinda wewe na imani yako. Mwaka 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi za Wakristo wanne wa Uingereza kwa pamoja. Nadia Eweida, aliyekatazwa kuvaa msalaba kazini, alishinda. Lillian Ladele, msajili aliyekataa kusajili ubia wa kiraia (muungano wa kisheria usioitwa ndoa) wa watu wa jinsia moja, alishindwa. Kwa hiyo imani yako ina nafasi kazini, ila haiwi sababu ya kumtenga mtu.

Lakini sheria si ndiyo inayonisukuma. Petro aliandika, "Waheshimuni watu wote," wala hakuweka orodha ya wa kuachwa. Msalimie kwa jina. Mkikabidhiana wagonjwa, mweleze yote: nani hajala, nani ameanguka usiku. Akikuonyesha picha za harusi, zitazame. Akikuuliza unaamini nini, mjibu kweli, kwa upole, kisha mwendelee na kazi.

Na yale mnayomsema kwa Kiswahili chumba cha chai, mkidhani haelewi, acheni. Jina lake analisikia, na vicheko anaviona. Hilo linaniuma kuliko suala la zamu.