Usimpe mtu wa kwanza kusema "nipe mimi"

Juzi usiku wa manane msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimeokota mtoto wa mbwa kwenye mtaro, ana ukurutu, na mume wangu amenipa wiki moja tu. Nimtangaze vipi achukuliwe haraka?" Nilimjibu mistari miwili, nikalala. Asubuhi nilipoisoma tena meseji yake, nikaona nimemjibu ovyo, maana sikuligusa lile neno la mwisho. Haraka. Hiyo haraka naijua mimi. Iliniumbua.

Mnaonisoma tangu zamani mnamkumbuka Soksi. Nilimkuta chini ya gari lililoegeshwa, mvua inanyesha, mweusi tii isipokuwa miguu yote minne myeupe, basi jina akalipata hata kabla sijamfuta tope. Tumbo limejaa kama ngoma, mbavu unazihesabu. Daktari wa mifugo alimfunua midomo, akaona meno ya utoto yote bado yapo, akasema huyu hajatimiza miezi minne. Tumbo lile halikuwa shibe, ilikuwa minyoo. Akapewa dawa, ikarudiwa baada ya wiki mbili, akaanza chanjo. Mwezi uliofuata sina haja ya kuusimulia. Kila aliyewahi kulea mtoto wa mbwa anajua idadi ya mikojo anayoweza kuitoa kiumbe kidogo namna ile.

Picha zake zilipoanza kusambaa, watu wakanisifu. Una moyo wa pekee, umebarikiwa, wangekuwepo kama wewe kumi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia maji kweli kweli. Nilipotangaza kwamba Soksi anatafuta makao, mtu wa kwanza kujibu alikuwa jamaa tunayeitana shemeji. "Nipe mimi, uwanja ninao." Uwanja anao, hilo sikatai. Alikuja jioni ile ile, Soksi nikamvalisha kola mpya nyekundu, tukapiga picha ya kuagana, nikalia kidogo, nikarudi ndani nikaandika hapa hapa makala ndefu ya kuwafundisha watu namna ya kumpatia mbwa makao kwa siku nne. Msiitafute. Nimeshaifuta.

Kila nilipouliza habari zake nilijibiwa "mzima kabisa, anakula vizuri." Ilipita miezi miwili na ushee. Siku moja nilikuwa na shughuli maeneo yale nikapita bila taarifa. Soksi alikuwa nyuma ya nyumba, amefungwa kwenye nguzo kwa kipande cha waya wa umeme uliokwisha kazi, bakuli limepinduka, ardhi inayomzunguka imekuwa ngumu kwa kuzunguka pale pale. Alinijua. Alitikisa mkia hadi kiuno chote kikatikisika. Nikainama kumshika, nikasikia harufu. Kola siioni. Nikadhani imekatika, nikapitisha vidole kwenye manyoya ya shingo, ndipo nikaigusa, ipo chini ya nyama. Mbwa alikuwa amekua, kola haikulegezwa hata tundu moja, ngozi ikaanza kuimeza.

Nilipomwuliza shemeji, alinijibu bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma: "Si ulikuwa unataka tu aondoke kwako?"

Daktari ilibidi amlaze kwa dawa ya usingizi ndipo aikate. Kovu bado lipo, mstari usioota manyoya. Yule bwana mpaka leo tunasalimiana kwa kichwa tu, na sina mpango wa kuongeza.

Ila kola ile nani aliivalisha? Mimi. Nilimwambia kwamba mbwa wa miezi minne na wa miezi sita shingo zao ni vitu viwili tofauti? Sikumwambia. Kwamba kila wiki upitishe vidole viwili kati ya kola na shingo, visipopita ulegeze? Sikumwambia. Nilikwenda kuiona nyumba kabla? Sikwenda. Nilikuwa na haraka ya kupiga picha ya kuagana.

Basi Soksi akarudi kwangu, na safari hii nikasema simtoi. Baadaye nikalegea, kwa sababu kazi zangu zinanitoa nyumbani kutwa nzima, na mbwa mchanga kukaa peke yake kutwa nzima ni kifungo kingine tu, kasoro waya. Nikatangaza upya. Wakaja wa "nipe mimi" kama kawaida. Akaja na mzee mmoja mstaafu, aliyenikera kupita wote.

Alikuja mara ya kwanza, akakaa na Soksi saa nzima, akaondoka mikono mitupu. Akaja mara ya pili, akauliza kadi ya chanjo, akaisoma kama mtu anayesoma hati ya shamba, akaondoka. Nikaanza kunung'unika: huyu mzee anataka mbwa au anataka mahali pa kupumzikia? Mara ya tatu akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu: "Anaogopa nini?"

Sikuwa na jibu. Mbwa nimeishi naye, nimemwuguza kidonda shingoni, na sijui anaogopa nini! Nikamwambia anipe siku chache. Nikaanza kumwangalia kwa makini. Radi, hajali. Watoto, anawapenda. Pikipiki, anageuza sikio moja tu. Siku ya tatu nikachukua ufagio nifagie ukumbi, Soksi akajibana ukutani, mkia chini ya tumbo, akajikojolea. Nikasimama pale na ufagio mkononi. Kumbe zile "ajali" zake za asubuhi nilizokuwa namkemea, zote zilikuwa wakati wa kufagia.

Nilimpigia mzee simu nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sasa namchukua."

Kwa hiyo dada yangu wa usiku wa manane, nikujibu sasa kama ilivyopasa. Kwanza mume wako mwombe mwezi, wiki haitoshi. Mtoto wa mbwa mwenye ukurutu hatangazwi, anatibiwa, na atengwe na mbwa wengine wakati huo, kwa sababu aina nyingine za ukurutu zinaambukiza hata watu. Akikung'ata hata kwa mchezo, na historia yake huijui, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea huwa mtu haponi. Dawa ya minyoo mpe. Chanjo za watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wafikishe wiki 16 hivi, na ya kichaa kwa kawaida huanzia wiki 12. Kadi iende na mbwa. Anayekuambia kadi haina maana kwake, mshukuru, mpe maji ya kunywa, aende.

Halafu nenda ukaione nyumba. Nimeshasema? Narudia. Nenda ukaione nyumba. Wala usiende kuangalia ukubwa wa uwanja, uwanja haumlei mbwa. Angalia atalala wapi mvua ikinyesha, nani atakuwa naye mchana, geti linafungika au ni pambo. Uliza kama hapo karibuni alikufa mtoto wa mbwa kwa kuhara damu, maana virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na asiyemaliza chanjo hapaswi kupelekwa pale hata kama wenye nyumba ni watu wema kiasi gani.

Na waambie ukweli. Usimpambe mbwa kama bibi harusi. Sema anatafuna viatu, sema analia usiku wa kwanza na wa pili, sema anaweza kususa chakula siku mbili tatu za mwanzo akijibanza chini ya meza. Ukipenda boga penda na ua lake, ila ua lazima uonyeshwe kwanza! Wengi wanaorudisha mbwa hawana roho mbaya; waliahidiwa malaika wakaletewa mbwa. Sema pia, kwa sauti, kwamba wakishindwa wamrudishe kwako na hutawasema. Shemeji yangu sikumwachia mlango huo. Pengine angeutumia. Sijui, na sitaki kumtetea sana.

Mnaowapa watoto mbwa kama zawadi ya sikukuu, na nyie nawaona. Mbwa anaweza kuishi miaka 10, hata 15. Mtoto wako wa miaka minane atakuwa mtu mzima, na mbwa yule yule bado anasubiri kufunguliwa mlango. Kama huwezi kujiona ukimfungulia wewe, nunua mpira.

Mwezi jana nilikwenda kumwona Soksi, kwa taarifa safari hii. Alinibwekea, mjinga yule, halafu akanikumbuka. Ana kola ya kitambaa, nikapitisha vidole viwili kwa siri, vikapita. Mzee aliniona akacheka. Nilipoomba nisaidie kufagia majani yaliyoanguka barazani, akaniambia nisubiri, akamwita Soksi, akamwingiza chumbani akamfungulia redio, ndipo akatoa ufagio juu ya kabati, umefungwa kwenye gunia.