Saa ya seva ikikuchezea, usikimbilie date -s

Kila nikiitwa kuangalia seva ambayo watu hawawezi kulogini kwa sababu saa yake imepotea, nakuta kuna mtu ameshapiga date -s, kaiweka saa kwa mkono na kaondoka zake, kesho inapotea tena. Jamani msifanye hivyo kwanza. Andika date, linganisha na simu yako, uone imepishana kwa kiasi gani, maana hiyo tofauti ndo inakwambia uanzie wapi.

Ikiwa ni masaa matatu kamili, na upo huku kwetu Afrika Mashariki, achana na mtandao kabisa. Mara nyingi ni mashine yenye Windows na Linux pamoja, Windows inaandika saa za hapa kwenye mazabodi, Linux inawaka inadhani ile ni UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa masaa matatu), inaongeza tatu zake. Iambie Windows itumie UTC (RealTimeIsUniversal iwe 1 kwenye rejista) yaishe.

Ikiwa imerudi nyuma miaka, umeme ulikatika na betri ya CMOS, ile inayoshika saa mashine ikizimwa, imekufa, kile kiduara cha CR2032, nunua kingine. Ila hapa ndo wengi wanapotea, kwa sababu ntpd (programu inayochukua saa sahihi kwenye mtandao) ikikuta tofauti imezidi sekunde 1000 inagoma, inaandika mstari mmoja kwenye logi na kujizima, halafu mtu anaanza kuinstoli upya wakati programu haina shida yoyote. Iwashe na -g, itakubali kuruka mara moja. Kwenye chrony, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, kuna makestep 1.0 3, yaani marekebisho matatu ya mwanzo ikikuta imepishana zaidi ya sekunde moja inaruka, baada ya hapo inaivuta saa polepole tu. Usiiongeze hiyo 3 ovyo, databesi haipendi kabisa saa kurudi nyuma ikiwa kazini.

Sasa ikiwa inapishana kidogo kidogo, leo dakika mbili, wiki ijayo tano, na Kerberos (mfumo wa kuhakiki wanaologini) kwa kawaida ikishavuka dakika 5 haikubali mtu, piga chronyc sources uangalie safu ya Reach. Wengi wanairuka kwa sababu namba zake ni za ajabu, 1, 3, 7, 17, mpaka 377, kumbe zinahesabiwa kwa nane na zinakuonyesha maombi 8 ya mwisho. 377 maana yake yote yamejibiwa, 376 ni kwamba la mwisho kabisa halikujibiwa. Ukiona 0 na imekaa hapohapo, hakuna kinachorudi, na hapo usibishane na saa, mara nyingi ni poti 123 ya UDP, njia ambayo maombi ya saa yanapita, imefungwa mahali. Ofisi moja jamaa wa mtandao alinigomea, eti mbona ping inajibu? Ping ni kitu kingine, haipiti poti hiyo! Nikamfungulia tcpdump -n udp port 123 mbele yake, inaonyesha kila kinachopita kwenye poti hiyo, maombi yanatoka, yanatoka, hakuna hata jibu moja. Hakuwa na la kusema, akafungua kwa mashine moja tu, nyingine zote zinaiuliza hiyo, na mimi nadhani hivyo ni bora zaidi kuliko kila seva kwenda nje yenyewe.

Na kama Reach ni 377 ila saa bado inayumba, angalia kama systemd-timesyncd, nayo ni programu ya kurekebisha saa, haijawashwa sambamba na chrony, zote mbili zinaivuta saa hiyohiyo. Zima timesyncd, bakiza chrony.