Ukienda kumtazama Richard III, chunga makofi yako

Mara ya kwanza nilipokwenda kutazama Richard III, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfalme wa Uingereza, nilitoka wakati wa mapumziko na sikurudi. Si kwamba igizo lilikuwa baya, nilikuwa nimepotea. Jukwaani walijaa wanaume waliovaa suti zinazofanana, wote wakimtaja Edward, nami sijui Edward yupi: mfalme aliye mgonjwa, mwanawe mdogo, au yule mtoto wa Malkia Margaret aliyeuawa kabla hadithi haijaanza.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda, chora ukoo. York upande huu, Lancaster upande ule, koo mbili zilizogombea taji la Uingereza, na kila aliyekwisha kufa mpigie msalaba. Tanzia hii inaendeleza visa vya tamthilia tatu za Shakespeare kuhusu Henry VI, na wengi waliokuja kuitazama miaka ya 1590 walikuwa wakivijua visa hivyo. Onyesho la mavazi ya kisasa ndilo linalohitaji mchoro huo zaidi. Joho humtambulisha askofu, lakini suti haimtambulishi mtu.

Mara ya pili nilikwenda na karatasi yangu mfukoni, na Richard, mdogo wa mfalme, akaninasa. Anaingia peke yake, anatutazama usoni, anatuambia waziwazi kuwa ameamua kuwa mwovu. Kisha anakwenda kutenda aliyoyasema na kurudi kutusimulia, kama rafiki anayekupigia umbea. Anamtongoza Anne mbele ya maiti ya baba mkwe wake, Henry VI, ambaye Richard mwenyewe ndiye aliyemuua, kama alivyomuua mumewe. Anne anamtemea mate. Dakika chache baadaye anaipokea pete yake. Alipotoka tu, Richard akatugeukia kwa mshangao wa kujifurahia, ukumbi ukaangua kicheko, nami nimo. Cheka, sikukatazi. Ila usisahau ulichokicheka.

Maana kuna tukio la meya wa London. Buckingham, mshirika mkuu wa Richard, ametumwa akawashawishi raia wamtake Richard awe mfalme, anarudi kuripoti kwamba wamenyamaza kama sanamu. Ni kama watu kumi hivi tu, wa kundi lake mwenyewe, waliorusha kofia juu na kushangilia. Ndipo Richard anapotokea na kitabu cha sala, katikati ya viongozi wawili wa dini, akiikataa taji anayoililia. Waongozaji wa leo hulipenda sana tukio hili, kwa sababu watazamaji tunageuzwa kuwa wale raia. Nilikopata kulitazama mimi waliwasha taa za ukumbini na kuleta maikrofoni. Mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti, “Aishi Mfalme Richard!” Safu yetu ikaanza kupiga makofi. Nikapiga. Nikasimama kabisa.

Baada ya hapo usiondoke, hata kama sehemu ya pili inakwenda taratibu. Sikiliza jinsi Richard anavyopunguza kuzungumza nasi akishavaa taji. Tumeshamaliza kazi yetu. Sasa anataka watoto wa kaka yake wauawe, na Buckingham aliyemfikisha hapo, akisita kidogo tu, amekwisha.

Angalia pia kama Malkia Margaret yumo, mjane wa Henry VI anayewalaani maadui zake. Filamu ya Laurence Olivier ya 1955 ilimwondoa, na ile ya Ian McKellen ya 1995 vilevile. Mimi naona ni hasara kubwa: bila laana zake, vifo vinakuwa orodha ya mauaji tu. Akiwepo, kila anayepelekwa kukatwa kichwa anakumbuka kwamba aliambiwa.

Kuhusu mwili wa Richard, tazama kama onyesho linautumia kama sababu ya uovu wake. Mifupa ya mfalme halisi, iliyopatikana mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, ilionyesha uti wa mgongo uliopinda, lakini hapakuwa na dalili ya ule mkono ulionyauka ambao tamthilia inampa. Na usiichukue tamthilia kuwa somo la historia: Shakespeare aliandika chini ya Elizabeth I, mjukuu wa yule aliyemshinda Richard katika vita vya Bosworth tarehe 22 Agosti 1485.

Farasi je? Kila anayeliigiza kisasa lazima alijibu swali hilo, kwani mwishoni, vitani, Richard atamlilia tu: “Farasi! Farasi! Ufalme wangu kwa farasi!” Katika filamu ya McKellen gari lake la jeep linanasa, ndipo anapomtaka farasi, na kilio kinakuwa na maana. Mwongozaji asiyekuwa na jibu utamjua hapo.

Jioni ile ya makofi yangu, onyesho lilipokwisha waigizaji walijipanga kuinamia hadhira. Yule mzee wa nyuma yangu akajipenyeza katikati ya viti, akapanda jukwaani, akashikana nao mikono na kuinama.