Waya unachaji, kompyuta haioni simu

Barua za safari hii zimetoka Mwanza mjini, Sengerema na Ukerewe, na karibu zote zinahusu waya uleule mdogo wa USB. Maswali tumeyafupisha.

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Igoma. Mitihani ya majaribio naiandika kwenye simu, kisha naipeleka steshenari kuchapwa. Simu ni ya Android, tundu la Type-C. Nikiichomeka kwenye kompyuta inaingia chaji vizuri, ila kompyuta haionyeshi kitu. Fundi kasema programu imekufa, nimwachie aipige flashi. Nimwachie?

Usimwachie, mwalimu. Kupiga flashi, yaani kuiwekea simu programu yake upya, kwa kawaida kunafuta kila kilichomo, na mitihani yako itakwenda na maji kabla hujajua kama mwenye kosa alikuwa simu. Simu inayopokea chaji bila kusitasita mara nyingi ni nzima. Kinachokosekana ni njia ya data.

Anza na waya. Ndani ya waya wa kawaida wa USB kuna nyuzi nne: nyekundu inaleta umeme wa volti 5, nyeusi inaurudisha, nyeupe na kijani ndizo zinazopitisha data. Nyaya nyingi za bei ya kutupa zinazotandazwa Makoroboi, na zile zinazokuja na tochi au mashine ya kunyolea, zina nyuzi mbili za kwanza tu. Ukichuna ganda unakuta nyekundu na nyeusi, basi. Kwenye chaja hazina kosa, kwenye kompyuta ni bubu.

Huna haja ya kuchuna chochote dukani. Soma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye ganda. Ukiona kitu kama 28AWG/1P na 24AWG/2C, hiyo 1P ni jozi moja ya nyuzi za data, na 2C ni nyuzi mbili za umeme. Kadiri namba ya AWG inavyokuwa ndogo, ndivyo uzi unavyokuwa mnene. Maandishi yanaweza kudanganya, kwa hiyo mwombe muuzaji akuchomekee kwenye kompyuta yake pamoja na simu ambayo tayari inasoma. Akikataa, nenda meza ya pili. Chukua wa mita moja, maana ule wa mita tatu unapendeza kitandani ila ndio unaokatakata kazi ya kuhamisha.

Waya ukiwa mzima, simu bado itanyamaza mpaka uiruhusu. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikichomekwa kwenye kompyuta inachukulia kwamba imekuja kuchaji tu. Toa loki kwanza. Teremsha pazia la arifa kutoka juu ya kioo, gusa ile arifa ya USB (simu nyingine zinataka uiguse mara mbili), kisha chagua "File transfer", au maneno ya kuhamisha faili kama simu yako iko kwa Kiswahili. Kwenye kompyuta ya Windows fungua "This PC", utakuta jina la simu limekaa pamoja na diski. Maandishi yako tafuta kwenye Documents au Download, picha ziko DCIM.

Arifa ya USB isipotokea kabisa, simu haijahisi nyuzi za data: badilisha waya, kisha badilisha tundu la kompyuta. Kwa kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma yaliyoungwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Ya mbele yanapitia waya mwingine wa ndani na huchoka mapema. Arifa ikitokea lakini kompyuta ikakaa kimya, bofya kulia kwenye kitufe cha Start, ingia "Device Manager", tafuta alama ya njano penye jina la simu au herufi MTP, ile njia ambayo simu na kompyuta hupeana mafaili. Bofya kulia, chagua "Uninstall device", chomoa waya, washa kompyuta upya, chomeka tena. Windows itajitafutia draiva yenyewe. Ila kama Windows hiyo ni toleo lenye herufi N mwishoni, MTP haitafanya kazi mpaka uongeze "Media Feature Pack" kupitia Settings, sehemu ya Optional features.

Na hili hukuuliza. Steshenari wakimaliza kuchapa, hakikisha nakala haijabaki kwenye kompyuta yao. Ichague, bonyeza Shift na Delete kwa pamoja. Wanafunzi wako wanapiga kopi hapohapo.

Nafanya biashara ya dagaa Kirumba Mwaloni, hesabu zangu zote ziko kwenye simu. Waya unacheza ndani ya tundu. Mpaka mwanangu aushikilie kwa kidole ndipo kompyuta isome, tena ikifika katikati inakata. Chaji inaingia. Siku nyingine simu inaandika kuna unyevu.

Mama, hayo ni mambo mawili ndani ya tundu moja.

La kwanza ni uchafu. Vumbi la mfukoni, mchanga na magamba hushindiliwa chini ya tundu kila unapochomeka, mpaka kichwa cha waya kinashindwa kuzama. Chomeka kisha tazama kwa pembeni: chuma cha kichwa kikibaki nje hata milimita moja, chini kumejaa. Katikati ya tundu la Type-C kuna ulimi mwembamba wenye pini 24, kumi na mbili juu na kumi na mbili chini. Pini za umeme ni nyingi, nne za kuleta na nne za kurudisha, kwa hiyo mbili zikikosa kugusa nyingine zinabeba mzigo. Za data zinazotumika hapa ni chache na ziko katikatikati. Zikiyumba kidogo tu, kompyuta inakata wakati chaji inaendelea. Ndiyo sababu kidole cha mwanao kinasaidia.

Zima simu kabisa. Chukua kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, kichonge kwa wembe kiwe bapa, pata mwanga wa tochi, kisha kipitishe kwenye kuta za tundu ukivuta uchafu kuja nje. Ulimi wa katikati usiuguse. Kitatoka kitu kama kipande cha kitambaa kilichokanyagwa. Sindano na pini za nguo ziache kabisa, zinapinda pini za ndani au kuziunganisha. Wala usipulize kwa mdomo, mate ni maji.

La pili ni unyevu. Simu ikiandika hivyo, chomoa waya papo hapo, igeuze tundu liangalie chini, igonge taratibu kiganjani, kisha iache mbele ya feni kwa saa kadhaa. Jua kali linaumiza betri, na kuizika kwenye mchele kunaongeza unga ndani ya tundu. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, lakini maji ya samaki na jasho la mkono yakikauka yanaacha utando, na umeme ukipita hapo pini zinaota kutu ya kijani au nyeusi. Ukiiona hiyo, fundi aisafishe kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi.

Ukishasafisha na waya ukaendelea kucheza hata kwa nyaya mbili tofauti, tundu lenyewe limelegea. Kwenye simu nyingi za Android tundu hilo limekaa kwenye bodi ndogo ya chini ambayo mafundi wanaiita sistimu ya chaji, na inabadilishwa yenyewe. Akikwambia simu nzima imekufa, tafuta fundi mwingine.

Shikamooni. Nasoma chuo, naishi Malimbe. Nataka kutumia bando la simu kwenye laptop kwa waya badala ya hotspot. Mara ya kwanza nilipojaribu, bando la wiki liliisha usiku mmoja.

Marahaba. Bando lililiwa na Windows. Ilipoona waya ikadhani umepata intaneti ya ofisini isiyo na kipimo, ikapakua masasisho yake yote.

Zima data ya simu kwanza. Chomeka waya, toa loki, ingia Settings, sehemu ya hotspot na tethering, washa "USB tethering". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, waya wako ni ule bubu tuliomweleza mwalimu. Kwenye laptop utatokea mtandao wa aina ya Ethernet. Ingia Settings, "Network & internet", Ethernet, uwashe "Metered connection". Sasa ndipo urudi kwenye simu uwashe data. Windows itasubirisha masasisho yake makubwa. Hakiki kitufe hicho kila unapochomeka, kwa sababu simu nyingine huja kila mara kama mtandao mpya na mpangilio unarudi ulikotoka. Vivinjari na programu nyingine zina masasisho yake zenyewe, hizo hazisikilizi sana. Jambo zuri: simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, waya huohuo utapitisha Wi-Fi hiyo na bando halitaguswa.

Umeme ukikatika, piga hesabu. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa miliampia 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Betri ya simu ya 5000 mAh inabeba kama wati-saa 19. Laptop ndogo ina kama 40. Ukiiacha simu ijaze tumbo kupitia laptop, karibu nusu ya betri ya laptop imehamia huko, tena kwa saa nane na zaidi. Usiku wa mtihani, simu iingie kwenye waya ikiwa imeshajaa.

Napiga video za harusi kwa simu, Buswelu. Nikihamishia kwenye flashi, klipu fupi zinaenda, ndefu inakataa ingawa flashi ya GB 64 iko tupu. Pia juzi nilikata na kubandika, waya ukachomoka, klipu mbili sizioni popote.

Flashi yako iko kwenye mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la kufika GB 4, hata nafasi iwe kubwa namna gani. Hamisha yaliyomo, bofya kulia kwenye flashi, chagua "Format", kisha exFAT. Format inafuta kila kitu, kwa hiyo soma jina la diski mara mbili kabla ya kubonyeza.

Kuhusu zile klipu mbili, tafuta kwanza kwenye folda la kompyuta ulikokuwa unabandikia. Huenda kuna kipande kilichokatika. Baada ya hapo usikate tena. Nakili, hesabu klipu pande zote mbili, fungua ile ndefu na uruke hadi dakika za mwisho, ndipo ufute kwenye simu. MTP inabeba kazi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo usifungue picha za simu wakati video inahama, wala usihariri klipu ikiwa bado imo ndani ya simu. Ilete kwanza kwenye diski ya kompyuta. Muda wa kutarajia: USB 2.0 inaandikwa megabiti 480 kwa sekunde, ila mkononi unapata kama MB 30 hadi 40. GB 20 ni dakika kumi kama mambo ni mazuri. Picha ndogondogo elfu mbili zinaweza kuchelewa kuliko video moja ya uzito uleule.

Nansio, Ukerewe. Simu ilianguka kwenye mtumbwi. Kioo kinaonyesha lakini tachi imekufa. Kompyuta inaandika jina la simu, folda tupu. Picha za marehemu baba zimo humo.

Pole sana, ndugu yetu. Folda ni tupu kwa sababu simu ina loki. Picha zenyewe hazijaenda popote. Nunua kigeuzi cha OTG, kile kinachoingia kwenye tundu la simu ili ipokee vifaa vya USB, na habu ndogo ya USB yenye matundu kadhaa. Kwenye habu chomeka kipanya cha waya na flashi. Mshale utatokea kwenye kioo. Loki ya namba bofya namba moja moja. Ya mchoro shikilia kitufe cha kushoto ukichora bila kuachia. Kisha fungua programu ya mafaili ya simu na unakili folda la DCIM, pamoja na la picha za WhatsApp, uyapeleke kwenye flashi. Mshale usipotokea, huenda simu yako ni ya aina inayotaka OTG iwashwe kwanza kwenye mipangilio, na hapo kipanya hakitakusaidia.

Hapo, au kioo kikiwa cheusi kabisa, fundi apachike kioo kingine kwa muda, bila gundi, mpaka picha zitoke. Atakayekuahidi kutoa loki bila wewe kumtajia namba ataifuta simu, na picha zitakwenda nayo.

iPhone yangu inakata kuhamisha picha, kompyuta inasema kifaa hakifanyi kazi.

Ingia Settings, Photos (tangu iOS 18 imo ndani ya Apps), shuka chini kabisa, chagua "Keep Originals" badala ya "Automatic". Simu itaacha kuzibadilisha picha zikiwa njiani, na hapo ndipo ilipokuwa inajikwaa. Picha zitakuja kama HEIC, aina ya faili ya picha ya iPhone. Ukiulizwa "Trust This Computer", kubali kwenye kompyuta yako tu.

Sengerema. Kitochi changu, simu ndogo ya vitufe, kilitiwa nyimbo kwa waya kibandani. Sasa mafolda yote kwenye memori kadi yamekuwa njia za mkato (shortcut), nyimbo hazifunguki.

Nyimbo zipo, kirusi kimezificha. Usibofye hata njia moja ya mkato, ndiyo inayokiamsha. Kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi iliyo hai, chomeka kitochi, chagua "Mass storage", angalia herufi ya diski iliyotokea. Pitisha kinga ya virusi kwanza. Halafu fungua Command Prompt uandike: attrib -s -h -r /s /d E:\*.* ukiweka herufi yako badala ya E. Mafolda yakirudi, nakili nyimbo pekee kwenye kompyuta, piga "Format" memori kadi kwa FAT32 kama ni ya GB 32 au chini yake, kisha zirudishe. Usichomoe waya kabla ya kubofya "Eject", maana vitochi vingi vinaharibu orodha ya mafaili vikichomolewa ghafla.